Laptopu ya mtumba na gemu za zamani: kabla hujaiuza, jua inakwama wapi

Swali: "Mtaalamu, habari ya kazi. Niko Nyalenda, Kisumu. Nimenunua laptopu ya mtumba iliyotoka Uingereza, HP EliteBook 840 G3: Core i5-6300U, RAM GB 8, diski ngumu ya GB 500, Windows 10. Nataka gemu tulizokuwa tukicheza saiba tukiwa wanafunzi: GTA San Andreas, Most Wanted ya mbio za magari, PES 2013 ya mpira na Counter-Strike ya bunduki. Mwanangu wa miaka 12 naye anadai FC, ile mpya ya mpira, na GTA V. San Andreas imekubali kuingia lakini mausi haisogei. Most Wanted inaonekana imevutwa pembeni. Zote zinaanza vizuri kisha zinakwamakwama baada ya dakika kumi. Fundi ameniambia niiuze ninunue mashine ya gemu. Nimsikize? Na hizo nyingine nitazipata vipi bila kumaliza bando?"

Jibu:

Usiiuze, ndugu yangu. Mashine hiyo inatosha kwa karibu kila gemu iliyotoka kabla ya mwaka 2010, na kwa nyingi zilizofuata. Kilichokupata ni mambo tofauti yaliyokuja kwa pamoja yakaonekana kama ugonjwa mmoja. Tuyatenganishe, tukianza na mashine yenyewe, maana ukianza na gemu utakuwa unatibu kisichoumwa.

Gemu inapokwama, uliza kwanza inakwama lini. Ikiwa nzito tangu mwanzo, tatizo ni michoro au RAM. Ikisita kidogo kila unapoingia mtaa mpya, diski ndiyo inayochelewa kuleta faili. Ikianza vizuri halafu ikalegea baada ya dakika kadhaa, ni joto au chaja. Wewe umesema dakika kumi, kwa hiyo joto ndilo mshukiwa wa kwanza.

i5-6300U hufanya kazi kwa GHz 2.4 na hupanda hadi 3.0 ikipata hewa. Ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi yenyewe isije ikaungua, na hapo ndipo unapoona gemu imekuwa nzito ghafla. Pakua programu ya bure iitwayo HWiNFO, iache wazi nyuma ya gemu kwa dakika 15, kisha usome kiwango cha juu kabisa cha joto la prosesa. Nyuzi 85 kushuka chini, huna neno. Nyuzi 95 kupanda, umempata mchawi wako. Kisumu mchana hewa yenyewe huweza kufika nyuzi 30, kwa hiyo feni inapoza moto kwa hewa ya moto. Laptopu iyo hiyo ikiwa Nakuru, zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, ina nafuu. Tena usiku, dirisha likiwa wazi, vijidudu vya ziwani hufuata mwanga wa skrini na feni huvivuta ndani. Vikichanganyika na vumbi huwa utando mzito kati ya feni na mapezi ya chuma yanayotoa joto.

Dawa yake ni usafi. Zima kabisa, chomoa chaja, legeza skrubu za mfuniko wa chini, na kabla ya kugusa kitu kingine chomoa waya wa betri. Shika feni kwa kidole unapopulizia hewa, kwa sababu ikizungushwa kwa nguvu bila mpangilio mhimili wake huharibika. Toa utando wa vumbi kwa brashi laini kavu. Ikiwa laptopu haijawahi kufunguliwa tangu itoke kiwandani, ile krimu ya kupitisha joto juu ya prosesa imekauka kama chokaa. Legeza skrubu za bomba la shaba linalobeba joto uliondoe, futa krimu ya zamani kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, weka mpya kiasi cha punje ya mchele, basi. Ukipaka nyingi, ziada humwagika pembeni na haiongezi ubaridi. Rudisha skrubu kwa zamu, kidogo kidogo, ili bomba likae sawasawa. Baada ya hapo usichezee kitandani, maana godoro huziba matundu ya chini.

Wakati huohuo geuza chaja usome maandishi. Ya G3 iliyo sawa kwa kucheza ni volti 19.5 na ampea 3.33, yaani wati 65, yenye ncha nyembamba ya buluu. Nyingine zimeandikwa ampea 2.31, hizo ni wati 45. Chaja bandia isiyotambuliwa na laptopu ni mbaya zaidi: mashine huichaji betri polepole na huweza kuishusha prosesa hata ikiwa baridi. Ukiona ujumbe kuhusu chaja wakati wa kuwasha, usiupuuze. Betri nayo ipime kwa kufungua Command Prompt na kuandika powercfg /batteryreport. Linganisha "Design capacity" na "Full charge capacity". Ikiwa imebaki chini ya nusu, stima ikipotea ghafla katikati ya mchezo unaweza kupoteza ulichohifadhi na kuharibu faili za diski.

Sasa RAM, na hapa ndipo ningekuomba utumie pesa kwanza. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda Performance, kisha Memory, utazame mstari wa "Slots used". Mitumba mingi huuzwa ikiwa na kijiti kimoja kati ya nafasi mbili. Michoro yako ni Intel HD 520, ambayo haina kumbukumbu yake. Inakopa RAM ya kompyuta. Kijiti kimoja cha DDR4-2133 hupitisha takriban GB 17 kwa sekunde, na prosesa na michoro hugombania njia hiyo moja. Ukiweka kijiti cha pili njia zinakuwa mbili, GB 34 kwa sekunde. Michoro ya aina hii hubanwa zaidi na njia kuliko na nguvu yake yenyewe, kwa hiyo utaona tofauti siku hiyohiyo. Nunua DDR4 ya laptopu, ile fupi iitwayo SODIMM, GB 8 kama iliyomo. DDR3 haiingii kwa sababu pengo lake liko mahali pengine. Muuzaji akikwambia "sukuma tu," ondoka hapo. Kiingize kikiwa kimeinama, kisha kikandamize hadi vibanio vya pembeni vilie.

Diski ngumu ibadilishe na SSD, ile diski ya kasi isiyozunguka, ya inchi 2.5 ukijaliwa. Haitaongeza fremu, yaani picha zinazopita kila sekunde, itaondoa tu zile sekunde za kusubiri.

Mashine ikiwa imetulia, twende kwenye San Andreas. Ilitoka kwa PlayStation 2 mwaka 2004 na kwa kompyuta mwaka 2005, enzi za Windows XP, na mausi kugoma ni ugonjwa wake wa kawaida kwenye Windows za baadaye. Fungua Documents, ingia folda ya GTA San Andreas User Files, ufute faili moja iitwayo gta_sa.set. Hiyo hubeba mipangilio tu. Michezo uliyohifadhi imo kwenye faili zinazoanza na GTASAsf, hizo usiziguse. Gemu ikifunguka upya itajiandikia gta_sa.set nyingine na mara nyingi mausi hurudi. Ikirudi leo na kupotea kesho, weka SilentPatch, rekebisho la bure la faili ya .asi linalowekwa kwenye folda yenye gta_sa.exe pamoja na kipakizi chake cha ASI. Hilo hutibu mausi na makosa mengine mengi madogo.

Kuna jambo moja ambalo karibu kila mtu hulikosea. Kwenye mipangilio ya skrini kuna Frame Limiter. Watu huizima wakidhani gemu itakimbia vizuri zaidi. Iache ikiwa imewashwa. Hesabu za mwendo ndani ya gemu hii zimefungwa kwenye idadi ya fremu kwa sekunde, na zilipangwa kwa idadi ndogo. Ukiizima, mashine ikatoa fremu 60 au 90, CJ, yule unayemchezesha, ataogelea kana kwamba yuko kwenye matope, na magari yatabadilika namna ya kwenda. Mtu hulaumu kibodi, kumbe ni ile alama aliyoiondoa mwenyewe.

Ukiamua kuinunua upya, angalia unachonunua. Toleo la asili liliondolewa madukani mwaka 2021 lilipokuja lile lililotengenezwa upya, Definitive Edition. Hilo jipya linataka kadi ya michoro ya kiwango cha GTX 760 na nafasi ya GB 45. HD 520 haitaliweza. Kwako wewe ni lile la zamani, kwa diski halisi ukiipata kwa mwenye nayo.

Diski halisi zina kikwazo chao. Gemu nyingi za miaka ya mwisho ya 1990 hadi kati ya 2000 zilifungwa kwa ulinzi uitwao SafeDisc, na Windows 10 haikubali kabisa draiva yake tangu ilipotoka mwaka 2015, kwa sababu draiva hiyo ilikuwa mlango wa wadukuzi. Gemu itasakinishwa vizuri, lakini ukiifungua haitokei hata ujumbe. Diski haijaharibika. Tafuta kama mwenye gemu ametoa rekebisho rasmi, au nunua toleo lisilo na ulinzi huo kwenye duka kama GOG, ambalo huuza gemu za zamani zikiwa zimeshatayarishwa kwa Windows za sasa. Zile "zilizovunjwa" zinazouzwa kwenye fleshi mtaani ziache. Mara nyingi ndani yake mna programu inayotumia prosesa yako kimyakimya, nawe utarudi kulalamikia joto tulilokwisha kulitibu.

Kwa kuwa G3 haina mlango wa diski, utahitaji kisomaji cha nje cha USB, au uombe saiba yenye kompyuta ya mezani ikutengenezee faili ya ISO, nakala kamili ya diski, kwa programu ya ImgBurn. Windows 10 hufungua ISO kwa kubofya mara mbili. Hapa fleshi nyingi hukataa: DVD hufika GB 4.7, na fleshi iliyopangwa kwa FAT32 haipokei faili moja inayozidi GB 4, hata ikiwa na nafasi ya GB 64. Ipange upya kwa exFAT, ukijua kwamba kila kilichomo kitafutika.

Most Wanted: hakikisha ni ile ya mwaka 2005. Kuna nyingine ya 2012 yenye jina lilelile, ni gemu tofauti na ni nzito zaidi. Ya 2005 ilitengenezewa skrini za umbo la televisheni ya zamani, ndiyo maana kwako imevutika. Tafuta Widescreen Fix ya ThirteenAG, uifungue ndani ya folda yenye speed.exe, ili dinput8.dll na folda ya scripts zikae hapo. Ndani ya scripts kuna faili ya .ini, kwenye ResX na ResY andika 1366 na 768, au 1920 na 1080 kulingana na skrini yako. Ukiweka 0 zote mbili, itafuata skrini yenyewe.

Mambo mawili yanahusu gemu zote za enzi hiyo. Usizisakinishe ndani ya Program Files. Tangu Windows Vista, programu hairuhusiwi kuandika humo ovyo, na gemu za zamani huhifadhi mipangilio kwenye folda zao wenyewe. Tengeneza C:\Gemu uziweke huko. La pili, ukiambiwa d3dx9_43.dll au ndugu zake hawapo, usipakue faili hiyo peke yake kutoka tovuti usiyoijua. Pakua kifurushi cha Microsoft cha DirectX cha Juni 2010, kama MB 95 hivi, ukisakinishe mara moja. Hakiharibu DirectX mpya, huongeza tu vipande vya zamani vilivyokosekana. Kihifadhi kwenye fleshi, jirani zako watakihitaji.

PES 2013 itakwenda bila shida yoyote. Fungua settings.exe kwanza, chagua ukubwa wa skrini, kisha upange padi. Padi za bei nafuu za USB zina kitufe cha Analog au Mode. Vijiti vikikataa na mishale tu ndiyo inayofanya kazi, kibonyeze hadi taa iwake. Padi ya mtindo wa Xbox hutambuliwa papo hapo. Isiyo ya mtindo huo huweza kutafsiriwa na programu ya x360ce, ikiwekwa karibu na pes2013.exe.

Counter-Strike ndiyo itakayokupa raha kubwa kuliko zote, kwa sababu haihitaji bando kabisa ukishakuwa nayo. Ile ya zamani, 1.6, bado inauzwa Steam, duka la gemu la mtandaoni, na ni ndogo. Kila mtu aifungue mara moja akiwa na intaneti kwenye akaunti yake, halafu baada ya hapo mnaweza kukutana sebuleni. Washa hotspot ya simu moja, zima data ya simu hiyo, laptopu zote zijiunge. Hakuna shilingi inayokatwa; simu inakuwa kama swichi tu. Mwenyeji aandike ipconfig kwenye Command Prompt asome IPv4 Address yake, afungue New Game, kisha kwenye konsoli, dirisha la kuandikia amri ndani ya gemu, aandike sv_lan 1. Wengine waandike connect, nafasi, namba hiyo, na mwishoni :27015. Ikikataa, mara tisa kati ya kumi ni ukuta wa ulinzi (firewall) wa Windows ya mwenyeji: badili mtandao huo kutoka Public uwe Private, na uiruhusu gemu Windows inapouliza. Ikiwa mnatumia ruta badala ya simu, kagua kama haijatenganisha vifaa. Baadhi huzuia laptopu moja kuiona nyingine.

Mkiwa wachezaji wawili tu, waya wa mtandao wa kawaida kati ya laptopu na laptopu ni bora kuliko hotspot. Upe mmoja anwani 192.168.1.1, mwingine 192.168.1.2, na zote 255.255.255.0. Hamhitaji waya maalumu wa kuvuka siku hizi. Waya huohuo ndio jibu la bando lako: GB 10 hupita kwa kama dakika mbili ikiwa pande zote zina SSD, huku kwenye intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde GB hizohizo zingechukua zaidi ya saa mbili. Tangu mwaka 2023 Steam yenyewe huweza kuvuta faili za gemu kutoka kompyuta nyingine iliyo kwenye mtandao mmoja. Tafuta "Game File Transfer over Local Network" kwenye mipangilio ya Downloads. Intaneti kidogo inahitajika kwa ukaguzi, na kila mmoja awe na haki ya gemu hiyo. Basi mmoja wenu mwenye faiba apakue, wengine wapokee. Kwenye Windows weka pia mtandao wa simu kuwa "Metered", yaani wenye data ya kupimwa, la sivyo masasisho yatakula bando kabla hujagusa gemu.

Kama mnapenda kupanga vita na miji, zipo gemu za bure halali zinazochezwa kwa njia iyo hiyo: 0 A.D., ya majeshi ya kale, na OpenTTD, ya kujenga reli na barabara, iliyo ndogo kiasi kwamba bando la siku moja linatosha. Ningeanza na OpenTTD. Haichoshi, na haichagui mashine.

Sasa ya kijana. FC za karibuni zinadai kadi ya michoro ya kujitegemea ya kiwango cha GTX 1050 Ti na nafasi ya GB 100. Huna, na laptopu hii haiwezi kuongezewa kadi ya ndani. Usinunue ukitumaini itajikongoja. Hata rafiki mwenye mashine nzuri akicheza mtandaoni na mtu wa Ulaya, kuna umbali usiotibika: mwanga ndani ya nyaya za faiba husafiri kama kilomita 200 kwa milisekunde. Njia ya kilomita 10,000, kushuka hadi Mombasa na kuvuka bahari, ni milisekunde 100 kwenda na kurudi kabla ya ruta yoyote kuchelewesha. Kwenye mpira huo ni ucheleweshaji unaousikia kwenye pasi.

Mpatie PES 2013 na padi mbili, mcheze pamoja. Akitaka nyingine, programu ya PPSSPP huigiza PSP, ile PlayStation ya mkononi, kwenye laptopu hii kwa urahisi na haihitaji BIOS, yaani programu ya msingi ya mashine yenyewe, ilimradi gemu mzitoe kwenye diski zenu. PlayStation 2 kwa PCSX2 ni kazi nzito zaidi kwa prosesa yako, na inataka BIOS iliyotolewa kwenye PS2 yenu wenyewe. Nyepesi zitakwenda, God of War itasuasua.

GTA V, baada ya kijiti cha pili cha RAM, itajikokota kwa 1280×720 na kila kitu kikiwa chini kabisa, na diski iwe na nafasi ya zaidi ya GB 100. Lakini imewekewa umri wa miaka 18 Ulaya, sawa na San Andreas, na mwanao ana 12. Kwa hiyo hizo mbili ziweke kwenye akaunti yako ya Windows yenye nywila, na yeye umfungulie ya kwake.